Kulea kitoto cha paka yatima kwenye nyumba yenye paka wakubwa

Maswali ni yale yale. Nimeokota kitoto cha paka mtaroni, nikipe maziwa gani? Nyumbani nina paka wawili, hawatakiua? Mbona kimeshiba na bado kinalia usiku kucha? Nimeyapanga majibu hapa kwa mfuatano wa kazi, ili mwenye kitoto mkononi sasa hivi aanze na cha kwanza na asirukie cha tano.

Nionavyo mimi, vitoto vingi vya kuokotwa vinapotezwa na haraka ya aliyeviokota. Kitoto kinalishwa kabla ya kupata joto, au kinawekwa sebuleni na paka wenyeji kabla ya kujulikana kina ugonjwa gani. Hayo mawili ukiyaepuka, mengine yanarekebishika.

Kabla ya kukibeba: ni yatima kweli?

Paka mzazi huacha watoto kwa saa kadhaa akitafuta chakula. Akihama makazi, huwabeba mmoja mmoja, kwa hiyo kitoto ulichokikuta peke yake nyuma ya duka huenda kinasubiri zamu yake. Kama kina joto, tumbo limejaa na kimelala kimya, kiache. Nyunyiza unga kidogo kukizunguka, ondoka kabisa, rudi baada ya saa tatu au nne. Ukikuta nyayo za paka kwenye unga, mama anafika na kazi yako imeisha. Hakuna maziwa ya dukani yanayoshinda ya mama.

Kichukue papo hapo ikiwa ni cha baridi, kina jeraha, kimevamiwa na sisimizi au nzi, kinanyeshewa, au unajua mama yake amekufa.

Kadiria umri

Kila kitu kinategemea umri, na umri unausoma mwilini. Kitovu kikiwa bado kinaning'inia, hakijafikisha wiki. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Meno madogo ya mbele huanza kuchomoza karibu na wiki ya tatu, na hapo kitoto huanza kutembea kwa kuyumba. Akimbiaye na kurukia kamba ana wiki tano au zaidi. Kwa uzito: huzaliwa na gramu 100 hivi na huongeza kama gramu 100 kila wiki, kwa hiyo chenye gramu 300 kina takriban wiki mbili hadi tatu, isipokuwa kama kimekonda.

Vitu vya kuandaa

- Boksi lenye kuta ndefu, na kanga au fulana kuukuu za kutandika
- Chupa mbili za plastiki za maji ya moto, na soksi nene za kuzivalisha
- Maziwa mbadala ya vitoto vya paka, ya unga, kutoka kwa daktari wa mifugo au duka la vifaa vya wanyama
- Chupa ndogo yenye chuchu, au bomba la sindano la mililita 1 hadi 5 lisilo na sindano
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu, na daftari
- Pamba, chanuo la chawa, sabuni laini ya vyombo
- Trei pana na fupi, na mchanga mkavu au pumba za mbao
- Chumba chenye mlango unaofungika. Kama huna, hata bafu la wageni au stoo itafaa

Mizani watu huiruka kwa kuona ni anasa. Usiiruke.

Hatua kwa hatua

1. Joto kwanza. Kitoto cha wiki ya kwanza hakiwezi kutetemeka ili kujipasha, na tumbo la baridi halisagi chakula. Maziwa yanachachia humo na kitoto kinakufa kimeshiba. Ingiza ncha ya kidole kidogo kinywani mwake: kukiwa baridi, usikipe chochote cha kunywa. Kiweke kifuani mwako ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, mpaka kinywa kiwe vuguvugu. Huchukua saa moja, wakati mwingine mbili. Kikiwa kimelegea sana, mpake asali au maji ya glukosi tone moja kwenye fizi wakati kinaendelea kupata joto.

Kisha boksi. Jaza chupa maji ya moto yasiyochemka, ivalishe soksi, iweke upande mmoja tu wa boksi ili kitoto kikisikia joto limezidi kijisogeze upande wa pili. Wiki ya kwanza hewa ya pale kilipolala iwe nyuzi 29 hadi 32. Kufikia wiki ya nne nyuzi 24 zinatosha. Watu wa Dar au Mombasa huona nyumba zao tayari ni tanuri, lakini sakafu ya saruji na feni saa tisa usiku ni habari nyingine. Usikioshe kwa maji ya moto ili kukipasha, na usiweke jiko la mkaa chumbani: hewa yake inaua, wewe pamoja nacho.

2. Kitenganishe na paka wenyeji, angalau wiki mbili. Mlango ufungwe. Kuna kirusi cha paka kiitwacho panlukopenia, kinacholeta kutapika, kuharisha na homa, na kinaweza kuishi sakafuni na kwenye vyombo kwa miezi mingi, hata mwaka. Kitoto kinaweza kuwa nacho leo na kuonyesha dalili baada ya siku kadhaa. Nawa mikono kwa sabuni kila unapotoka, badilisha kandambili mlangoni, na vyombo vyake visichanganywe na vya wenyeji. Kama wenyeji hawajachanjwa, wiki hizi mbili ndizo za kuwapeleka.

Boksi liweke juu ya kigoda, na miguu ya kigoda izame kwenye makopo yenye maji. Sisimizi hufuata tone la maziwa lililobaki kidevuni, na kitoto cha siku tano hakina pa kukimbilia.

3. Maziwa. Ya ng'ombe hapana: yanaharisha, na kuharisha kwa siku moja kunatosha kukimaliza. Maziwa ya unga ya watoto wa binadamu yana protini ndogo mno kwa paka. Maziwa mazito ya kopo yenye sukari, yale ya kwenye chai, hapana kabisa. Kama ni usiku na maduka yamefungwa, chemsha kikombe cha maziwa ya mbuzi, yakiwa bado ya moto korogea kiini cha yai moja, chuja, yaache yawe vuguvugu. Hiyo ni dharura ya siku moja au mbili, halafu tafuta maziwa mbadala.

Kipimo: mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito, kwa mlo mmoja. Chenye gramu 200 kinakunywa mililita 8. Zaidi ya hapo tumbo linapasuliwa na huruma yako. Ratiba yake:

- Wiki ya 1: kila saa mbili, usiku na mchana
- Wiki ya 2: kila saa mbili hadi tatu
- Wiki ya 3: kila saa tatu hadi nne
- Wiki ya 4: kila saa nne hadi tano
- Wiki ya 5: kila saa tano hadi sita, pamoja na chakula laini

Ndiyo, wiki ya kwanza hakuna usingizi. Gawaneni zamu nyumbani. Kama uko peke yako na kazi ni ya kutwa, omba jirani au peleka kwa anayeweza, si aibu.

4. Namna ya kunyonyesha. Kilaze kifudifudi juu ya taulo, kichwa kimeinuka kidogo, kama kingekuwa chini ya mama yake. Kamwe usikilaze chali kama mtoto wa mtu. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi ya yote, kwa sababu picha za chali zinapendeza: maziwa huingia mapafuni, na baada ya siku mbili kitoto kinahema kwa shida. Maziwa yawe na joto la mwili, nyuzi 38 hivi. Yadondoshee kifundoni mwa mkono, yasikuunguze wala kukupoza. Tumia bomba kwa matone, na usubiri kimeze kabla ya kusukuma tena. Kikimaliza, kipigepige mgongoni taratibu mpaka kibeue, kisha futa kidevu.

Maziwa yaliyobaki chupani yamwage. Ya unga yaliyochanganywa hukaa kwenye friji kwa saa 24, na umeme ukikatika muda mrefu, yamwage vilevile.

5. Kikojoze. Chini ya wiki tatu hadi nne hakiwezi kujisaidia chenyewe, mama hukilamba. Wewe chukua pamba yenye maji ya uvuguvugu, papasa polepole sehemu za haja kabla au baada ya kila mlo mpaka mkojo utoke. Mkojo mzuri ni wa rangi hafifu, na mavi huwa ya njano kama haradali, laini. Ukiona mkojo wa njano iliyokolea, kitoto hakipati maji ya kutosha.

6. Viroboto. Kitoto kidogo kinaweza kunyonywa damu na viroboto mpaka ufizi ukawa mweupe. Kipitishe chanuo la chawa juu ya bakuli la maji yenye sabuni, ukivizamisha viroboto kadiri unavyovikamata. Viroboto vikiwa vimejaa mno, kioshe kitoto shingo kushuka chini kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kikaushe papo hapo kwa taulo, kirudishe kwenye joto. Usitumie dawa ya unga ya kuku, dawa ya kupulizia mbu, wala dawa ya viroboto ya mbwa. Nyingi zina permethrini, ambayo ni sumu kwa paka wa umri wowote, wenyeji wako wakiwemo.

7. Pima kila asubuhi. Saa ile ile, kabla ya mlo, andika. Kiongeze gramu 10 hadi 15 kwa siku. Siku moja bila ongezeko, kuwa macho. Ikipungua, au siku mbili zimepita pale pale, daktari. Uzito hukuonya kabla kitoto hakijaanza kuonekana mgonjwa, na ndiyo maana nilikusihi kuhusu mizani.

8. Minyoo na chanjo. Dawa ya minyoo huanza mapema, wiki ya pili au ya tatu, na hurudiwa kila wiki mbili. Kipimo ni cha uzito, kwa hiyo kitoke kwa daktari wa mifugo. Usikadirie nusu kidonge cha mbwa. Chanjo za magonjwa ya paka huanza wiki ya 6 hadi 8 na hurudiwa kila baada ya wiki tatu hadi nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu. Uliza ofisi ya mifugo ya wilaya yako kuhusu kampeni za chanjo hiyo, hasa zinapokaribia tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Walio Morogoro wana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na walio Nairobi wana Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

9. Chakula na choo. Wiki ya nne, changanya maziwa yake na chakula laini cha vitoto, uji mzito, kwenye kisahani. Kitatumbukiza miguu na kupiga chafya, ni kawaida. Punguza maziwa kidogo kidogo mpaka wiki ya saba au ya nane. Dagaa wafaa kama wamechemshwa bila chumvi na kusagwa, lakini ugali wenye mchuzi peke yake haukuzi paka, na kitunguu, kiwe maji au thomu, ni sumu. Wakati huo huo weka trei ya mchanga karibu. Baada ya kula, kisimamishe juu yake, kwaruza mchanga kwa kidole; wengi huelewa siku hiyo hiyo. Epuka mchanga wa dukani unaogandamana, maana katika umri huu hula kila kitu. Mjamzito asiguse choo hicho.

10. Kukutanisha na wenyeji. Kitoto kiwe na wiki sita au zaidi, wiki mbili za kutengwa zimekwisha, na daktari amekiona. Kisha nenda kwa vipande, kila kipande siku mbili au tatu, zaidi kama wenyeji wamekasirika.

*Harufu.* Chukua kanga iliyolaliwa na kitoto, itandike karibu na sahani za wenyeji. Ya wenyeji ipeleke kwa kitoto. Ikifokewa, isogeze mbali na sahani, kesho isogeze karibu.

*Mlango.* Lisha pande zote mbili za mlango uliofungwa, kwa wakati mmoja, ili harufu ya mgeni iambatane na shibe.

*Kuonana.* Hapa tenga la kuku ni kifaa bora kuliko vizimba vya bei. Lifunike kitoto katikati ya chumba, lizungushie chandarua ili makucha yasipenye, weka jiwe juu, waite wenyeji waje kunusa. Dakika chache, basi.

*Pamoja, chini ya macho yako.* Kwanza chosha wenyeji kwa mchezo na uwalishe. Kisha acha kitoto sakafuni, wewe umekaa hapo na mto mkononi wa kuingiza katikati, siyo mkono wako. Usiwaache peke yao mpaka siku kadhaa zipite bila tukio, na usiku kitoto kirudi chumbani kwake hadi kikaribie miezi mitatu.

Kufoka, kunguruma na kofi la kucha zilizofichwa ni lugha ya adabu. Mkubwa anamfundisha mdogo mipaka, na usimgombeze. Cha kuogopa ni kimya: mwenyeji aliyebana mwili chini, macho hayapepesi, mkia unapigapiga, anakiendea kitoto polepole kama anavyomwendea panya. Hapo tenganisha na urudi kipande cha nyuma. Dume ambaye hajahasiwa nisingemwamini kabisa na kitoto chini ya miezi minne, hata akionekana mpole.

Wenyeji wabaki na heshima yao. Walishwe kwanza, mahali pao juu ya kabati pasiguswe, sahani kila mmoja yake, na trei za choo ziwe moja zaidi ya idadi ya paka.

Kama mmoja wa wenyeji ananyonyesha

Huyu ni bahati, na hapa ratiba ya juu hubadilika. Kama kitoto kinaonekana kizima na umri wake unakaribia wa watoto wa paka huyo, kisugue kwa tandiko la pango lake, kiingize katikati ya wenzake akiwa ametoka kula, kaa pembeni utazame. Akikilamba, umepumzika. Akikibeba kwa shingo na kukitupa nje, usilazimishe. Jua pia kwamba unahatarisha watoto wake kama mgeni ana ugonjwa. Muulize daktari kwanza ikiwezekana.

Jike asiye na maziwa anaweza kumwachia mgeni anyonye chuchu kavu. Inapendeza kutazama, ila haimlishi. Chupa iendelee.

Mambo yakienda kombo

*Hakinyonyi.* Angalia joto la kinywa, kisha tundu la chuchu: ukiipindua chupa, maziwa yadondoke tone kwa tone, yasichuruzike. Milo miwili mfululizo ikikataliwa, daktari.

*Maziwa yametoka puani.* Simamisha, kiinamishe kichwa, futa. Tundu ni kubwa mno au umesukuma kwa nguvu. Kikianza kukoroma au kuhema kwa mdomo, usingoje kesho.

*Kinaharisha.* Mara nyingi umezidisha kipimo au umebadilisha maziwa ghafla. Rudi kwenye kipimo. Kama ni maji matupu, kuna damu, au kimelegea, kipelekwe siku hiyo.

*Hakijapata choo kikubwa siku mbili.* Papasa kwa pamba ya uvuguvugu muda mrefu zaidi, sugua tumbo kwa kuzunguka. Sabuni na mafuta ya nyonyo visikaribie. Bado? Daktari.

*Macho yameshikana.* Futa kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, kuanzia ndani kwenda nje. Kope zikivimba kabla macho hayajafunguka, usaha umejaa ndani na ni haraka.

*Kimeshiba na kinalia.* Kagua baridi, kisha mkojo, kisha viroboto. Vyote vikiwa sawa, ni upweke: kipe kitambaa cha manyoya chenye saa ya mshale iliyofungwa ndani.

*Kina homa, nikipe Panadol kidogo?* Hapana, hata punje. Parasetamoli huua paka.

*Duara zisizo na manyoya kichwani.* Huenda ni choa. Huambukiza watoto wa nyumbani na wenyeji, kwa hiyo kitengwe tena na kitibiwe.

*Kimening'ata.* Chini ya wiki nane kinajaribu meno. Acha kucheza nacho kwa vidole, kipe kamba. Lakini paka yeyote wa kuokotwa akikutoboa ngozi, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda hospitali ukaeleze. Kichaa cha mbwa hakingojei uthibitisho.

*Mwenyeji ameanza kukojoa kwenye zulia au ameacha kula.* Umekwenda mbio. Mrudishe mgeni chumbani, anza tena na harufu. Mwenyeji dume anayechuchumaa bila mkojo kutoka, njia yake ya mkojo imeziba, na hilo ni la hospitali saa hiyo hiyo. Asiyekula kwa siku nzima naye aonwe.

*Miezi minne imefika.* Panga siku ya kuhasi au kufunga kizazi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, na dume wa nyumbani hataangalia kwamba walilelewa pamoja.